Binti wa Kisimani: Wasaidizi wa Mwindo, Kutoka Bese Hadi Kwenye Skrini

Mwindo amefika kuzimu akimfuata baba yake, na anayemkuta kisimani ni binti mwenye buba. Vidonda vimemjaa kutoka utosini hadi nyayoni. Jina lake Kahindo, na baba yake ni Muisa, mwenye mji ule wa chini. Angeweza kumwacha mgeni apite aende akafe. Lakini anamsimamisha na kumfunza: Muisa atakukaribisha kiti, usikikalie; atakupa pombe ya ndizi, usiinywe; atakuandalia bukari, usiile. Na kila mara ukatae kwa adabu ya mwana kwa mzazi, kama mtu anayesema kwamba kiti kile ni kichwa cha baba, na mwana hakalii kichwa cha baba yake. Mwindo anasikiliza. Kisha anaviosha vidonda vya binti yule mpaka vinapona.

Vijana wanaoshika maneti ya PlayStation katika vyumba vya michezo vya Kisangani, kule Mangobo, Kabondo au Makiso, wanamfahamu binti huyu hata kama jina lake hawajawahi kulisikia. Katika michezo ya video yenye majoka, uchawi na miji ya mizimu, pembeni mwa njia hakukosi mtu aliyesimama na shida yake na siri yake. Ukimpita, safari inakuwa ngumu. Ukisimama ukamsikiliza, anakupa onyo, silaha, au kazi ya kufanya, ile ambayo wachezaji huiita misheni. Na umeme wa Tshopo unapokatika, mchezo ukabaki kuwa mazungumzo tu gizani, wengi husimulia habari za mtu huyo wa pembeni kabla hawajamtaja shujaa mwenyewe.

Historia ya mtu wa namna hiyo katika misitu ya mashariki mwa Kisangani ni ya zamani kuliko skrini yoyote. Ukiifuata barabara ya Lubutu mpaka Walikale, unapita katika nchi ya Wakumu, ambao misitu yao inaanzia mlangoni pa Kisangani, kisha unaingia kwa jirani zao Wanyanga. Huko ndiko utenzi wa shujaa Mwindo ulikozaliwa.

Siku kumi na mbili za Bese

Mwaka 1956, katika kijiji cha Bese, mzee Candi Rureke aliimba, akasimulia, akacheza na kuigiza habari za Mwindo kwa siku kumi na mbili. Mkononi alikuwa na kibuyu cha kutikisa, na vijana walikaa karibu naye wakigonga mti kwa vijiti ili mdundo usife. Mara nyingine aliikata hadithi akajisema mwenyewe, amechoka, koo limekauka, kisha akarudi pale pale alipoachia. Wanyanga huita utenzi wa aina hii karisi. Jina hilo hilo ni la mzimu, na mwimbaji husema kwamba ni Karisi aliyemtaka aimbe.

Aliyekuja kusikiliza alikuwa mwanaanthropolojia Mbelgiji Daniel Biebuyck. Lakini kuyashika maneno ya mwimbaji anayecheza huku akiimba, kwa Kinyanga, neno kwa neno, ni kazi ya mwenye lugha. Miongoni mwa waliokaa na karatasi na kalamu alikuwamo kijana Mnyanga, Kahombo Mateene. Kitabu kilipotolewa na University of California Press mwaka 1969, maandishi ya Kinyanga yakiwa pamoja na tafsiri ya Kiingereza, majina mawili yalisimama juu yake: Biebuyck na Mateene. Baadaye Mateene aliiongoza ofisi ya lugha ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika huko Kampala. Mwaka 1978 Biebuyck alichapisha matoleo mengine ya utenzi huo yaliyotoka kwa waimbaji wengine, na humo msomaji aliona kwamba shujaa ni yule yule, ila wasaidizi wake hubadilika kutoka mdomo hadi mdomo. Kila mwimbaji alikuwa na vipenzi vyake.

Shujaa asiyetosha peke yake

Hadithi ya Rureke inaanza na amri. Shemwindo, mtemi wa kijiji cha Tubondo, ana wake saba, naye anatangaza kwamba hataki mtoto wa kiume; akizaliwa mvulana, atauawa. Wake sita wanazaa wasichana. Wa saba, kipenzi chake, anachelewa, na siku zile kuni na maji vinajileta vyenyewe mlangoni pake. Mtoto anatokea kwenye kidole cha kati cha mama yake akiwa tayari anatembea na kusema, na mkononi ameshika usinga, tezo na mfuko mdogo wenye kamba ndefu. Baba anarusha mikuki, haimpati. Anamzika, mtoto anatoka kaburini. Mwisho anamfungia ndani ya ngoma na kumtupa mtoni.

Kwa msomaji wa Kisangani, ngoma inayosema juu ya maji haina ugeni mkubwa. Kwenye kingo za mto kuelekea Isangi, Walokele walituma habari kwa ngoma kutoka kijiji hadi kijiji, na mmisionari John Carrington wa Yakusu aliichunguza lugha hiyo mpaka mwaka 1949 akaitolea kitabu. Ngoma ya Mwindo nayo inaimba. Inakataa kwenda na mkondo, inapanda mto kumtafuta shangazi.

Hapo ndipo wahusika wa pembeni wanapoanza kuibeba hadithi. Shangazi ni Iyangura, dada ya Shemwindo, aliyeolewa na Mukiti, nyoka mkuu wa vilindi. Anayemlinda Iyangura, Kasiyembe, amechimba mashimo uwanjani, akayatega vyuma vikali na kuyafunika kwa mikeka ili mgeni akicheza ngoma atumbukie. Anayemwokoa Mwindo ni Katee, kalunguyeye, mnyama ambaye mwindaji hajisumbui kumbeba nyumbani. Katee anachimba njia chini ya ardhi mpaka ndani ya nyumba ya shangazi. Buibui naye anatandaza madaraja yake juu ya mashimo, na Mwindo anacheza juu ya mikeka huku adui akimsubiri aanguke.

Baada yao wanakuja wajomba. Hao ni popo, nao ni wahunzi. Wanamfua Mwindo kwa chuma mwili mzima, kisha wanakwenda naye kuipiga Tubondo. Wanakufa vitani, na Mwindo analazimika kumwomba Nkuba, mwenye radi, amalize kazi kutoka angani. Baadaye anawafufua wajomba wake. Rureke hakupita mbio hapo: shujaa aliyewaingiza watu katika vita vyake lazima arudi kuwatazama.

Shemwindo anakimbia. Anang'oa mmea porini na kushuka kuzimu kupitia shimo la mizizi yake. Kabla ya kumfuata, Mwindo anamkabidhi shangazi yake ncha ya kamba. Ikiwa inatikisika, yu hai. Ikitulia, basi amekufa. Tangu hapo kila jambo la kuzimu lina mtu wa pili huku juu, mwanamke aliyekaa na kamba mkononi akiisikiliza kwa vidole.

Na kuzimu kuna kazi. Muisa hamtoi Shemwindo bure. Anamtaka Mwindo alime, apande na kukomaza shamba la migomba kwa siku moja. Vifaa vinalima vyenyewe, ndizi zinaiva, na Muisa kwa hasira anautuma mkanda wake ukambamize kijana chini. Usinga unamwamsha. Kesho yake kazi ni kurina asali juu ya mti, mkanda unamrudia tena, na safari hii radi ya Nkuba inaupasua mti. Mchezaji yeyote wa leo angeyatambua haya mara moja: kazi ya kwanza, kazi ya pili, adui anayevunja ahadi, msaada ulioombwa kutoka kwa rafiki wa zamani.

Kutoka kete hadi maneti

Ndugu wa mbali wa hadithi hizi walianza upya Marekani mwaka 1974, pale Gary Gygax na Dave Arneson walipotoa Dungeons & Dragons, mchezo wa kete, karatasi na mdomo. Mmoja anasimulia, wengine wanajibu kwa niaba ya wahusika wao. Umbo lake lingeeleweka Bese: msimulizi katikati, wasikilizaji wakimdai aendelee. Kompyuta ilipoingia, msimulizi akawa mashine. Dragon Quest ya Japani, mwaka 1986, iliwajaza watu vijijini ili mchezaji awaulize habari za njia. Wengi wao walikuwa na sentensi moja tu ya kusema.

Mageuzi yalikuja mwishoni mwa karne. Planescape: Torment ya mwaka 1999 na Baldur's Gate II ya mwaka 2000 ziliwapa wenzi wa safari maisha yao wenyewe: madeni, ndugu waliopotea, aibu walizozificha. Ili kuwajua, mchezaji alipaswa kuiacha njia kuu. Katika Dark Souls ya mwaka 2011, mhunzi Andre anakaa chini ya kanisa bovu akigonga nyundo, na mlio wa nyundo ile umekuwa kumbukumbu ya utulivu kwa mamilioni ya wachezaji. Mwaka 2015 kampuni ya Poland, CD Projekt Red, ilitoa The Witcher 3. Humo shujaa Geralt anamtafuta binti aliyemlea, lakini bwana mmoja mlevi, mwenye ngome, anakataa kusema alichokiona mpaka kwanza atafutiwe mke wake Anna na binti yake Tamara waliomkimbia. Geralt anagundua kwamba walikimbia ngumi za bwana huyo. Misheni ile ya mtu wa pembeni ilisifiwa kuliko sehemu nyingi za hadithi yenyewe.

Muisa naye anazuia njia namna hiyo hiyo. Anajua Shemwindo yuko wapi, na hasemi mpaka afanyiwe kazi.

Afrika imeanza kuwaleta watu wake katika michezo hii. Kiro'o Games ya Yaoundé, chini ya Olivier Madiba, ilitoa Aurion: Legacy of the Kori-Odan mwaka 2016. Mfalme Enzo anapinduliwa siku ya kutawazwa kwake na shemeji yake, na mkewe Erine anakwenda naye uhamishoni kama mshirika wa vita na wa mashauri. Mwaka 2024 Abubakar Salim, mwigizaji Mwingereza mwenye asili ya Kenya aliyekuwa sauti ya Bayek katika Assassin's Creed Origins, alitoa Tales of Kenzera: ZAU, mchezo unaoweza kuchezwa kwa sauti za Kiswahili. Salim aliutunga kutokana na msiba wa baba yake. Mganga kijana Zau anamwomba Kalunga, mungu wa mauti, amrudishie baba, na Kalunga anamtuma akawakamate roho wakuu watatu. Mmoja ni Impundulu, ndege wa radi kutoka kusini mwa Afrika. Anayebaki moyoni ni Kalunga mwenyewe, mzee anayetembea na kijana njia nzima akimsikiliza.

Mwana anayemfuata baba kwenye nchi ya wafu, radi yenye utu, kiumbe wa kuzimu anayetoa kazi: Rureke alikuwa amevipanga vyote mwaka 1956 mbele ya watu waliokaa chini.

Rafiki wa joka

Sehemu ambayo michezo mingi bado haijaifikia iko karibu na mwisho wa utenzi. Mwindo amemrudisha baba yake. Radi imeshusha viti vitatu vya shaba, na Iyangura anakaa kati ya kaka yake na mpwa wake. Mbele ya watu waliofufuliwa, shangazi ndiye anayemkemea Shemwindo, na ndiye anayeamua jinsi ugomvi utakavyoisha: nchi igawanywe, mwana na baba watawale kila mmoja upande wake. Kamba ile iliyokuwa mkononi mwake inamfanya awe na haki ya kusema.

Kisha Mwindo, sasa mtemi, anatamani nyama ya nguruwe pori. Wambilikimo wanne wanatumwa porini, na watatu kati yao wanaliwa na joka Kirimu, ambaye jina lake lina shina moja na mzimu wa Kiswahili. Mwindo anamuua. Watu wanashangilia, wanamkata, wanamchoma motoni, na harufu inapanda mpaka kwa Nkuba. Kumbe joka lilikuwa rafiki wa radi.

Nkuba, aliyempasulia Mwindo mti wa asali na kuishinda Tubondo kwa niaba yake, anashuka kumchukua. Kwa mwaka mzima shujaa anakaa angani bila chochote cha kumsitiri, mvua ikimnyeshea, jua likimchoma, mwezi na nyota vikimkaripia. Anarudishwa duniani na mwiko: asiue tena mnyama yeyote wa porini. Adui ambaye katika mchezo angehesabiwa kwa alama na dhahabu, hapa ana rafiki anayemlilia.

Na binti wa kisimani? Mwindo alipopita tena kwa Muisa akirudi juu na baba yake, Muisa alimtaka amwoe Kahindo. Mwindo alikataa, akisema ataoa atakapofika kwao Tubondo. Hadithi inapanda juu pamoja naye. Kahindo anabaki chini, ngozi yake imepona, karibu na kile kisima ambacho mgeni mwingine, siku moja, angeweza kukifikia akiwa na kiu na bila kujua adabu za nyumba ile.