Mali ya Misheni Gisenyi Baada ya 1916: Nani Alikuwa na Sauti?

Mwezi Mei 1916 jeshi la Ubelgiji liliwatoa Wajerumani Gisenyi. Katika ukanda huo wa Ziwa Kivu lilikuta misheni za aina mbili: Nyundo, iliyoanzishwa na Mapadre Weupe mwaka 1901, na upande wa kusini Rubengera, iliyoanzishwa na Waprotestanti wa Bethel kutoka Ujerumani mwaka 1909.

Kisheria zote zilikuwa na kinga moja. Kifungu cha 56 cha Kanuni za The Hague za 1907 kinaamuru mali ya taasisi za dini ihesabiwe kama mali ya mtu binafsi. Hata hivyo, Nyundo ilibaki kwa Mapadre Weupe, ilhali Wabethel waliondolewa, na mwaka 1921 Waprotestanti wa Ubelgiji wakachukua Rubengera.

Tofauti ilikuwa katika nani wa kulalamika. Wakatoliki walikuwa na Roma: mwaka 1919 Papa Benedikto XV alimtuma Askofu Mkuu Bonaventura Cerretti Paris kutetea misheni zao. Msemaji wa Bethel alikuwa Ujerumani iliyoshindwa, ambayo kwa kifungu cha 438 cha Mkataba wa Versailles iliacha madai yote kwa niaba ya misheni zake. Kifungu hichohicho kiliagiza mali iendelee kutumika kwa kazi ya misheni, chini ya wadhamini wa imani ileile.

Hivyo mkataba ulilinda matumizi ya mali, haukumlinda mwenye mali. Ardhi yenyewe ilikuwa ya Rwanda, lakini Mfalme Yuhi Musinga hakuwa na mjumbe Paris.