Migogoro ya umiliki wa mashamba ya mkonge Kimamba

Migogoro ya umiliki wa mashamba ya mkonge Kimamba ni mabishano ya muda mrefu kati ya wenye hati za mashamba makubwa na wakazi wanaolima ndani yake. Kimamba ni mji mdogo wa Wilaya ya Kilosa, Mkoa wa Morogoro, nchini Tanzania. Hati za mashamba zilipita mikononi mwa dola kadhaa, lakini waliolima walibaki palepale.

Historia

Kimamba iko kando ya Reli ya Kati, iliyojengwa na Wajerumani. Reli iliwavuta walowezi waliofungua mashamba ya pamba na mkonge wilayani Kilosa. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza walitwaa mali za Wajerumani katika Tanganyika kama mali ya adui na kuziuza. Miongoni mwa wanunuzi walikuwapo Wagiriki na Wahindi. Wenyeji waliokuwa wamepoteza ardhi hiyo hawakuwa upande wowote wa mauzo hayo.

Kazi ya mashamba ilifanywa kwa kiasi kikubwa na manamba, yaani vibarua wa mkataba walioletwa kutoka mikoa ya mbali. Wengi hawakurudi kwao.

Mwaka 1963 umiliki usio na kikomo ulibadilishwa kuwa upangaji wa serikali wa miaka 99, kisha mwaka 1969 upangaji huo ukawa haki ya kumiliki ardhi. Katikati ya mabadiliko hayo, mwaka 1967, sehemu kubwa ya mashamba ya mkonge nchini ilitaifishwa. Uzalishaji wa nchi, uliofika takriban tani 230,000 mwaka 1964, ulishuka sana kwa sababu ya kamba za plastiki na uendeshaji dhaifu. Mashamba yalipouzwa tena kwa watu binafsi, baadhi yalikuwa yamegeuka pori, na mengine yalikuwa na mahindi ya wanakijiji.

Mahakamani

Mwanakijiji akishitakiwa, utetezi wake wa kwanza huwa ni kukaa muda mrefu. Sheria ya Ukomo wa Muda humpa mwenye ardhi miaka 12 ya kufungua shauri la kuidai. Hata hivyo, kukaa pekee hakutoshi. Aliyeingia kwa ruhusa ya mwenye shamba, kwa mfano kibarua aliyepewa kipande cha kulima, hawezi kudai kwamba ameitwaa ardhi hiyo. Mahakama ya Rufani ilikataa dai la namna hiyo lililotolewa na watu zaidi ya 100 dhidi ya Masista wa Roho Mtakatifu, katika Rufaa ya Madai Na. 193 ya 2016. Shauri hilo halikutoka Kilosa, lakini msimamo wake unawabana wakulima wa mashamba yote yaliyoachwa nchini.

Zipo pia ngazi za kupitia. Baraza la kata, tangu mwaka 2021, husuluhisha tu. Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya husikiliza madai ya ardhi yenye thamani isiyozidi shilingi milioni 300, kwa hiyo shauri la shamba zima la mkonge kwa kawaida huangukia Mahakama Kuu. Wanakijiji wakitaka wachache wao wawawakilishe wote, lazima waombe kibali cha mahakama kwanza. Wakiishitaki Serikali, hutoa notisi ya siku 90. Hatua hizo zinaonekana ndogo, lakini kesi nyingi za wanyonge huishia hapo kabla ushahidi haujasikilizwa.

Kufutwa kwa hati

Chini ya Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999, Rais anaweza kufuta haki ya mmiliki aliyekiuka masharti, pamoja na sharti la kuliendeleza shamba. Serikali imefuta hati za mashamba kadhaa ya Kilosa kwa njia hiyo. Kufuta hati hakumpi mkulima umiliki papo hapo: ardhi hurudi kwa Rais kama mdhamini, na hugawiwa upya. Aliyelima miaka 20 anaweza kukuta eneo lake limepangiwa mwekezaji mwingine.

Migogoro hii isichanganywe na ile ya wakulima na wafugaji, ambayo Desemba 2000 iliua watu 38 Rudewa Mbuyuni, katika wilaya hiyohiyo. Hata hivyo, ardhi kubwa iliyofungwa ndani ya mashamba iliwabana wakulima na wafugaji pia.