Kutembelea Ufukwe wa Mbali Usio na Huduma: Tohara, Swala na Usalama wa Familia

SUALI:

Sisi ni familia ya Chake Chake. Jumapili moja tulikwenda Vumawimbi pamoja na watoto. Kule hakuna msikiti, hakuna choo wala bomba la maji. Maji tuliyochukua yalikwisha kwa kunywa. Mume wangu akasema maji ya chumvi hayatawadhiwi, na kwa kuwa tumesafiri, Adhuhuri na Alasiri tutaziswali kwa pamoja tukirudi. Tulifika nyumbani baada ya Magharibi. Mdogo wangu wa kiume hakuridhika, akatayamamu kwa mchanga akaswali Adhuhuri. Akiwa rakaa ya pili, mtoto wetu wa miaka sita akavutwa na maji. Akakata Swala, akamkimbilia na kumtoa, na alhamdulillahi yu mzima. Baadae baadhi ya jamaa wakamlaumu kwa kukata Swala. Tunaomba hukumu ya yote haya.

JAWABU:

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na Maswahaba zake.

Ama baad. Tunamshukuru Mola kwa kumsalimisha mtoto. Kwa ufupi, maji ya bahari yanatawadhiwa, safari hiyo haikuruhusu kuchelewesha Swala, na aliyekata Swala kumuokoa mtoto alitekeleza wajibu wake. Kulaumiwa hakustahiki. Ufafanuzi unafuata, kwa mujibu wa madhehebu ya Imamu Shafi ambayo ndiyo yaliyozoeleka katika visiwa vyetu.

1. Maji ya bahari ni tohara

Suala hili liliulizwa zamani. Bwana mmoja alimwendea Mtume (S.A.W.) akamueleza kwamba wao hupanda bahari na huchukua maji kidogo, na wakiyatawadhia watapata kiu, je, watawadhe kwa maji ya bahari? Mtume (S.A.W.) akamjibu kwamba maji ya bahari ni yenye kutoharisha, na mfu wake ni halali. Hadithi hii ameipokea Abu Hurayra (R.A.), nayo imo katika Muwatta wa Imamu Malik na katika vitabu vya Sunan. Tazameni namna suali la bwana yule lilivyo sawa na lenu.

Kwa hiyo maji matamu wekeni ya kunywa, na udhu chukueni baharini. Anayeona tabu kuingiza maji ya chumvi kinywani na ajue kuwa kusukutua na kupandisha maji puani ni sunna, si katika faradhi za udhu. Lililo muhimu ni kuondoa kinachozuia maji kufika kwenye ngozi, kama vile tope au mchanga ulioganda.

Na tayamamu? Hiyo ni kwa asiyepata maji, au anayedhurika kwa kuyatumia. Mtu aliyesimama mbele ya bahari hawezi kusema hakupata maji. Aidha, katika madhehebu yetu tayamamu ni kwa udongo wenye vumbi, na mchanga mtupu wa pwani usio na vumbi hautoshi. Basi mdogo wako airudie Adhuhuri ile kwa sababu mbili: aliikata, na tohara yake haikutimia. Nia yake ilikuwa njema na atapata ujira wa nia hiyo inshaallah, lakini Swala bado imo katika dhima yake.

2. Je, huu ni usafiri wa kupunguza na kukusanya?

Masafa ya kupunguza Swala kwa Shafi ni marhala mbili, ambazo wanazuoni wengi wa sasa wamezikadiria kuwa ni kiasi cha kilomita 81 au zaidi kidogo, kwa kwenda tu bila ya kuhesabu kurudi. Kisiwa cha Pemba chote urefu wake ni kama kilomita 67. Anayetoka Chake Chake kwenda Vumawimbi hafikii masafa hayo, na wala anayetoka Mjini Unguja kwenda Nungwi hafikii. Huyo ataswali kila Swala kwa wakati wake, na rakaa zake kamili.

Ama familia iliyotoka Unguja mjini ikavuka hadi Pemba, masafa yake yametimia. Hao wanaruhusiwa kupunguza na kukusanya maadamu hawakunuia kukaa siku nne kamili, mbali na siku ya kuingia na ya kutoka.

Nyinyi mlioziacha Adhuhuri na Alasiri mpaka jua likazama, leteni tauba na mzilipe kama hamjazilipa. Kutojua kunapunguza lawama, lakini deni haliondoki.

Jengine ni siku ya Ijumaa. Mwanamme aliyewajibikiwa na Ijumaa haifai kwake kuondoka baada ya alfajiri kwenda pahala ambapo ataikosa, isipokuwa kwa dharura au akiwa ataipata njiani. Matembezi si dharura. Chagueni siku nyengine, au ondokeni baada ya Ijumaa.

3. Kibla na wakati bila ya msikiti wala adhana

Ardhi yote imefanywa msikiti kwa umma huu, kama alivyopokea Jabir (R.A.) katika Bukhari na Muslim. Mchanga wa pwani ni twahara, na nguo zilizorowa maji ya bahari ni twahara pia. Hakikisheni tu kipaji kinatulia wakati wa kusujudu. Kandamizeni mchanga au tandikeni mkeka. Mwanamme asiswali na kaptura inayoacha magoti na mapaja wazi kila anapoinama. Achukue kikoi.

Kwa sisi wa visiwani, kibla ni rahisi. Makka imo katika longitudo karibu sawa na yetu, kwa hiyo kibla chetu ni kaskazini. Vumawimbi inatazama mashariki. Ukisimama ukaielekea bahari, kibla kiko mkono wako wa kushoto. Kwenye pwani za magharibi, ukiielekea bahari kibla kitakuwa kulia. Msielekee bahari kwa kudhani ndio kibla.

Wakati nao unajulikana bila ya simu. Simamisheni kijiti. Kivuli kikishafika ufupi wake wa mwisho kisha kikaanza kurefuka upande wa mashariki, Adhuhuri imeingia. Kikirefuka mpaka kikalingana na urefu wa kijiti, juu ya kile kivuli kilichokuwepo wakati jua liko kati, ni Alasiri.

4. Kwenda haja pasipo na choo

Mtume (S.A.W.) alipotaka kwenda haja alikuwa akijitenga mbali na macho ya watu. Amekataza kujisaidia kwenye njia ya watu na kwenye kivuli wanachopumzikia. Basi mvule na mikadi iliyo karibu na ufukwe, ambako kila anayekuja hutandika mkeka, si pahala pa choo. Msielekee kibla wala kukipa mgongo mkiwa uwanjani bila ya kizuizi. Chimbeni kishimo, kisha fukieni.

Kama maji matamu ni kidogo, maji ya bahari yanatosha kustanjia. Ikiwa hata hayo yako mbali, yanatosha mawe matatu makavu, au mipanguso mitatu kwa kitu kikavu kinachoondoa uchafu, mradi pahala pasafike. Asiongezee mtu mfupa wala kinyesi kikavu cha mnyama, vimekatazwa.

Wanawake watengenezewe sitara kabla ya jambo jengine lolote. Khanga mbili na miti minne vinatosha kwa choo, kwa udhu na kwa kubadilisha nguo. Hiyo ni kazi ya wanaume wa familia mara tu wanapofika. Na upweke wa pwani haumhalalishii mwanamme kukaa faragha na mwanamke asiyekuwa maharimu yake, hata kama wameshaposana.

5. Bahari na amana ya watoto

Jina Vumawimbi lenyewe ni onyo. Pahala pasipo na huduma hapana pia muokoaji, na hospitali iko mbali. Mwenye kufa maji ni katika mashahidi kwa Hadithi sahihi, lakini hiyo ni liwazo kwa aliyefikwa, haikuwa ruhusa ya uzembe. Qur-ani katika Suratul Baqara, aya ya 195, imetukataza kujitupa wenyewe katika maangamizo.

Kalenda yetu ya Kiislamu inasaidia hapa. Bamvua, yaani maji makubwa, huja karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tarehe za mwanzo na za kati za mwezi wa Hijria. Siku hizo tofauti kati ya maji kupwa na kujaa kwetu huweza kukaribia mita 4. Huwa yamepwa kiasi cha saa 4 asubuhi na yamejaa kiasi cha saa 10 jioni. Familia inayofika asubuhi hukuta ufukwe mpana, ikatandika chini, na Alasiri maji yakawafikia pale pale walipokaa na kuswali. Tandikeni juu ya mstari wa mwani mkavu. Waulizeni wavuvi wa dago wapi pana mkondo, nao hawatawaficha. Wakikwambieni pahala fulani hapaogwi, msiwabishie.

Sasa tuje kwa aliyekata Swala. Wanazuoni wamesema wazi kwamba kumuokoa anayezama kunatangulizwa juu ya Swala, hata ikiwa ni ya faradhi. Al-Izz bin Abdissalam, imamu mkubwa katika wanazuoni wa Kishafi, ameeleza sababu katika Qawaidul Ahkam: Swala huweza kulipwa, na roho iliyotoka hairudi. Akaongeza kwamba hata aliyefunga Ramadhani, ikiwa hawezi kuokoa ila kwa kufungua, atafungua. Lau mdogo wako angeendelea na Swala na mtoto akazama hali ya kuwa anaweza kumtoa, hapo ndipo angekuwa na dhambi.

La kujiuliza ni kwa nini watu wazima wote hawakuwa na jicho kwa mtoto. Swalini kwa zamu, makundi mawili: kundi moja liswali jamaa, jengine liwe na watoto, kisha wapokezane. Waislamu waliswali hivyo vitani mbele ya adui, na mawimbi nayo hayamsubiri mtu atoe salamu.

6. Chakula cha pwani

Samaki ni halali bila ya kuchinjwa. Lakini chenye sumu ni haramu kwa sababu ya madhara yake, kama bunju. Kasa naye katika madhehebu yetu haliwi, na nyama yake huweza kuua. Machi 2024, kisiwani Panza hapa hapa Pemba, watoto 8 na mtu mzima mmoja walifariki baada ya kula kasa. Mola awarehemu. Mkimkuta kasa ufukweni, au mayai yake, muachieni Mola wake.

Kabla ya kuondoka nyumbani

Chukueni maji ya kunywa ya kutosha kwenda na kurudi, mkeka, khanga za sitara, jembe dogo, kamba ndefu, madumu matupu yenye vifuniko ya kumrushia anayezama, na mfuko wa taka. Pampasi za watoto na chupa zirudi nanyi. Kuondosha udhia njiani ni katika imani, seuze udhia ulioutia mwenyewe. Muagize mtu wa nyumbani mnakokwenda na saa ya kurudi. Na mkishuka pale, someni ile dua ya mwenye kufikia kituo, ya kujikinga kwa maneno ya Allah yaliyotimia, aliyoipokea Khawla bint Hakim (R.A.) katika Sahihi Muslim.

Kwendeni mkatazame aliyoyaumba Mola, na watoto wafurahi. Hakuna ubaya katika hilo. Sharia imeweka njia nyepesi kwa kila mlichokikosa kule. Mlipungukiwa na kujitayarisha tu.

Wallahu aalam.