Umbali wa Anga kati ya Dar es Salaam na Zanzibar

Kati ya Kiwanja cha Ndege cha Kimataifa cha Julius Nyerere (DAR), Dar es Salaam, na Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Abeid Amani Karume (ZNZ), Unguja, kuna takriban kilomita 73 za anga, sawa na maili 39 za baharini. Ndege huwa angani kwa dakika 15 hadi 20 hivi. Saa za pande zote mbili ni zilezile.

Umbali huu unapatikana kwa kalamu na karatasi. Kiwanja cha Dar es Salaam kipo nyuzi 6 dakika 52.7 kusini mwa ikweta. Cha Zanzibar, nyuzi 6 dakika 13.3. Kwa longitudo vinakaribia kulingana, tofauti haifiki hata kilomita 3. Ukitoa, zinabaki dakika 39.4 za latitudo, na kila moja ni takriban maili ya baharini, yaani kilomita 1.852. Ni nadra kukuta viwanja viwili vinavyorahisisha hesabu namna hii.

Mstari wenyewe unaelekea kaskazini. Unapita Ubungo, unaiacha nchi kavu jirani na Kunduchi, visiwa vya Bongoyo na Mbudya vikiwa upande wa kulia, kisha unavuka bahari mpaka Unguja. Rubani haufuati kama ulivyochorwa, kwa kuwa njia ya kuruka na ya kutua hupangwa na waongoza ndege.

Ukubwa wa ndege hausaidii sana. Cessna Caravan ya injini moja, yenye abiria wapatao 12, huenda kama kilomita 300 kwa saa, hivyo safari huchukua robo saa ukiacha kona. ATR 72 hufikia karibu kilomita 500, lakini safari ni fupi mno: haijatulia juu, imeshaanza kushuka.

Lenye uzito zaidi ni upepo, maana njia hii imelala sambamba na pepo zilezile zilizoendesha majahazi. Tuseme kusi inavuma kwa kilomita 30 kwa saa. Caravan inayokwenda Unguja itasukumwa na kutumia dakika 13 na ushei. Ikirudi Dar es Salaam itakabili upepo na kutumia zaidi ya 16. Hapo mtu angedhani kusi ndiyo msimu wa kuwahi Unguja. Sivyo. Ndege hutua ikiukabili upepo, na barabara ya kurukia ya Zanzibar imelala kaskazini–kusini. Wakati wa kusi, ndege inayotoka Dar es Salaam hulazimika kuupita uwanja, igeuke, itue ikielekea kusini, na dakika ilizopewa na upepo zinaishia kwenye mzunguko huo. Kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi hivi, huichelewesha njiani lakini huiruhusu kutua moja kwa moja. Kwa hiyo muda wa kwenda haubadiliki sana mwaka mzima.

Boti ziendazo kasi huvuka kwa saa 2 au pungufu, na bandari ipo katikati ya jiji, ilhali kiwanja kipo umbali wa kama kilomita 12 na abiria hutakiwa kuwahi. Kwa mkazi wa Kariakoo, foleni ikikaza Barabara ya Nyerere, ndege na boti zinaweza kumfikisha karibu wakati mmoja. Kwa mkazi wa Ukonga au Gongo la Mboto, ndege ndiyo ya haraka bila ubishi.