Picha Tunazijua, Watu Hatuwajui: Historia Fupi ya Picha za Mtaani

Umepanda daladala ya jioni. Siti ya mbele yako kuna jamaa kalala, kichwa kinagonga kioo kila gari ikiruka tuta, mkononi kashika mfuko wa mkate. Unatoa simu, unabonyeza mara moja, unaposti na maneno matatu tu: "Maisha ya Bongo." Kabla hujafika Mbagala watu wameshacheka mpaka basi. Jamaa bado kalala.

Sasa tulia kidogo. Kwenye ile picha kuna stori, lakini nani kaisimulia? Yeye hajasema neno. Stori umeitunga wewe. Na usidhani mambo haya yameanza na simu zetu. Yana zaidi ya miaka 180, na yalianza na mtu ambaye mpaka leo hatujui aliitwa nani.

Jamaa wa kiatu

Mwaka 1838, jijini Paris, Ufaransa. Louis Daguerre kaweka mtambo wake dirishani, kaulekeza chini kwenye barabara inayoitwa Boulevard du Temple. Barabara ya watu wengi na magari ya farasi. Ila enzi hizo kupata picha moja kulihitaji mtambo ukae wazi kwa dakika kadhaa, kwa hiyo chochote kilichokuwa kinatembea hakikushika. Picha ilipotoka, mtaa mzima ulionekana kama umehamwa.

Isipokuwa kona moja. Kuna jamaa kasimama, mguu mmoja kauinua, anang'arishwa kiatu. Alitulia muda wa kutosha, ndiyo maana akabaki. Huyo ndiye binadamu wa kwanza anayejulikana kuonekana kwenye picha iliyopo mpaka leo, na kwa dalili zote hakuwa na habari kwamba anapigwa. Aliyekuwa anamng'arishia kiatu naye yupo, ila anaonekana kwa shida, kama kivuli. Wote wawili hawana majina.

Yaani tangu siku ya kwanza, picha ya mtaani ilichagua nani abaki na nani apotee.

Kamera inaingia mfukoni

Kwa miaka mingi baada ya hapo kamera ilikuwa dude zito lenye miguu mitatu. Ukiisimamisha barabarani, kila mtu anaiona, kila mtu anapiga pozi. Mambo yalibadilika mwaka 1925, Wajerumani walipoanza kuuza Leica, kamera ndogo iliyobuniwa na fundi anayeitwa Oskar Barnack. Ilitumia filamu ya milimita 35, ile ile ya sinema, na iliingia mfuko wa koti. Mpiga picha sasa akatembea kama mpita njia mwingine yeyote. Unamwona, lakini humwoni.

Kijana mmoja wa Kifaransa, Henri Cartier-Bresson, wakati huo alikuwa bado na ndoto za kuwa mchoraji. Ndipo akakutana na picha moja iliyopigwa mwaka 1930 hivi na Martin Munkácsi, mpiga picha wa magazeti kutoka Hungary. Ilikuwa picha ya Afrika: vijana watatu, tunawaona kwa mgongo tu, wanakimbia kuingia kwenye mawimbi. Hakuna aliyepozi. Mmoja mkono juu, maji yanaruka, furaha tupu. Cartier-Bresson alikuja kusema miaka mingi baadaye kwamba picha hiyo ndiyo iliyomwasha. Haukuwa mtaa, ilikuwa ufukwe, lakini ilimtoa huyu bwana ndani ikampeleka barabarani.

Mwaka 1932 yuko nyuma ya stesheni ya Saint-Lazare, Paris. Anachungulia kwenye upenyo wa uzio, na upande wa pili kuna jamaa anaruka dimbwi la maji. Akabonyeza kabla kisigino hakijagusa. Ukutani nyuma kuna bango lenye mtu naye anaruka, kama wanaigizana. Ni moja ya picha maarufu kuliko zote duniani. Aliyepiga tunamjua mpaka tarehe ya kuzaliwa. Aliyeruka? Sisi tunamjua kama kivuli chenye kofia. Alilowa au hakulowa, picha haisemi.

Sasa turudi kwa wale vijana watatu, maana hapo ndipo penye utamu na uchungu. Kwa miaka mingi picha yao imezunguka dunia ikiandikwa "Ziwa Tanganyika." Yaani ndugu zetu wa Kigoma, kama si wa Burundi, Zambia au Congo ng'ambo. Lakini kuna vitabu na maonyesho yaliyoiandika "Liberia." Liberia, jamani! Kutoka Kigoma mpaka Liberia ni kulikatisha bara. Picha iliyombadilisha mpiga picha mkubwa kuliko wote wa mtaani, na dunia imeshindwa hata kukubaliana ni maji ya wapi. Kwa sababu hakuna aliyeona umuhimu wa kuuliza na kuandika: nyie watatu mnaitwa nani, na hapa ni wapi?

Picha haidanganyi? Kapsheni je?

Watu hupenda kusema picha ya bila pozi ndiyo ukweli wenyewe. Kuna ukweli ndani yake. Kati ya mwaka 1938 na 1941, Mmarekani Walker Evans alishuka kwenye treni za chini ya ardhi za New York, kamera kaificha ndani ya koti, lenzi inachungulia katikati ya vifungo. Akawapiga abiria waliokaa mbele yake: wamechoka, wanawaza, wanasinzia. Sura hizo usingezipata kwa kuomba ruhusa, maana mtu akijua tu anapigwa, anavaa sura nyingine. Lakini Evans naye jambo hilo lilimkaa moyoni. Hakuzitoa kama kitabu mpaka mwaka 1966, miaka ishirini na ushee baadaye. Wewe ulisubiri dakika ngapi kuposti yule wa daladala?

Halafu kuna upande wa pili. Mwaka 1950 Robert Doisneau alipiga picha ya wapenzi wakibusiana barabarani Paris, katikati ya watu wanaopita na zao. Gazeti la Life la Marekani likaitoa, na miaka ya 1980 ikawa bango la kutundika chumbani dunia nzima. Mapenzi ya kweli, yamenaswa live! Kumbe wapi. Miaka ya 1990 watu walijitokeza wakisema "ni sisi hao," wakaenda mahakamani, na mzee Doisneau akalazimika kusema ukweli: wale walikuwa wanafunzi wa maigizo, na aliwaomba wabusiane. Mwaka 2005 yule dada wa kwenye picha aliuza nakala yake kwa zaidi ya euro 150,000. Angalau yeye alipata kitu, na alipata kwa sababu alijulikana ni nani.

Na mwenye sura akikataa?

Mpiga picha Philip-Lorca diCorcia alitega taa Times Square, New York, kati ya mwaka 1999 na 2001, akawa anawapiga wapita njia kwa mbali. Mzee mmoja akaja kugundua sura yake inauzwa kwenye jumba la sanaa. Akashtaki, akasema hakuulizwa na imani yake hairuhusu. Mwaka 2006 mahakama ikamjibu: hiyo ni sanaa, na sanaa inalindwa na uhuru wa kujieleza. Mzee akashindwa.

Huku kwetu upepo unavuma kivingine. Septemba 2023, ofisi ya Kenya inayosimamia taarifa binafsi iliitoza klabu moja ya Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuposti picha ya mteja bila ridhaa yake. Alikuja kula raha, akajikuta tangazo. Tanzania nayo ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Sura ya mtu siyo embe la barabarani.

Simaanishi tuache kupiga picha mtaani. Tungeacha, tusingekuwa na jamaa wa kiatu, wala abiria wa Evans, wala wale vijana watatu wakiruka kwenye maji kwa raha ambayo hakuna mpiga pozi anaweza kuiigiza. Wajukuu zetu watataka kujua Kariakoo ya leo ilikuwaje, na hawataipata kwenye picha za harusi. Tatizo ni ile sentensi tunayoibandika chini. Picha inakuonyesha mtu kalala na mkate. Haikuonyeshi kwamba pengine katoka zamu ya usiku, au huo mkate unasubiriwa nyumbani na watoto wanne. "Maisha ya Bongo" umeyasema wewe, si yeye.

Kwa hiyo siku nyingine, piga kama roho inakusukuma. Halafu kabla hujaandika chochote, mguse bega umuulize jina.

Na umwamshe kweli. Huenda kapitiliza kituo.