Karne Moja ya Kuisaka Cheche Inayopotea na Kurudi

Mbio za Safari Rally zilipotimiza miaka 70 mwaka 2023, yalisemwa mengi kuhusu madereva na vumbi la Naivasha. Toyota ilizoa nafasi nne za kwanza, kama ilivyofanya mwaka uliotangulia, na magari yake yalikuwa ya aina ambayo fundi huanza kuyachunguza kwenye kompyuta. Platini, kikata umeme kinachoziwezesha plagi kutoa cheche, haikutajwa. Lakini bila kipande hicho cha chuma kinachoenea kwenye kiganja cha mtoto, magari ya petroli yaliyoshiriki mashindano ya kwanza mwaka 1953 yasingesogea hata hatua moja.

Mengi ya ninayoyaandika hapa nimeyapata kwenye kitabu cha matengenezo cha Land Rover za zamani, na kwa mzee mmoja aliyeshughulikia umeme wa magari Industrial Area, Nairobi, tangu enzi za Peugeot 404. Ameomba nisimtaje jina. Kwake, ugonjwa mgumu kuliko yote si gari lililokataa kuwaka. Gari lililokufa kabisa hupimwa na jibu likapatikana. Linalomsumbua fundi ni lile linalozima Mlolongo, linasukumwa kando ya barabara, kisha baada ya nusu saa linawaka kana kwamba halikuwa na neno.

Asili ya ugonjwa huo ni uamuzi uliofanywa mbali sana na hapa. Karl Benz aliwasha injini yake kwa betri na koili. Gottlieb Daimler alitumia kijibomba kilichopashwa moto hadi kikawa chekundu. Kisha ikaja magneto. Karakana ya Robert Bosch mjini Stuttgart iliifunga kwenye injini ya gari mwaka 1897, na mwaka 1902 mhandisi wake Gottlob Honold akaleta magneto ya volti za juu pamoja na plagi yake. Magneto hujizalishia umeme kwa sumaku, ikizungushwa na injini yenyewe. Betri ikifa, yenyewe inaendelea na kazi.

Huko Dayton, Ohio, Charles Kettering aliona njia nyingine. Alikuwa mhandisi wa kampuni ya mashine za kuhesabia fedha, na usiku alikuwa akijifungia na wenzake kwenye ghala la rafiki yake Edward Deeds. Huko walibuni mfumo wa betri, koili na kikata umeme, yaani platini. Mwaka 1909 waliunda kampuni ya Delco, na Cadillac ikaufunga mfumo wao kwenye magari yake ya 1910. Watu wa magneto waliupinga: nani atayakabidhi maisha ya injini kwa betri? Mwaka 1912 Kettering aliwajibu kwa Cadillac yenye jenereta ya kuichaji betri na stata ya umeme, hendeli ya kuzungusha kwa mkono ikawekwa kando.

Vita vya 1914 vikauchochea ugomvi huo kwa namna ambayo haikutarajiwa. Uingereza ilijikuta ikitegemea adui, kwa kuwa magneto za malori, pikipiki na ndege zake karibu zote zilitoka Ujerumani. Lucas ya Birmingham, iliyojijengea jina kwa taa za baiskeli, iliinunua Thomson-Bennett, mojawapo ya kampuni chache za nchini humo zilizoijua kazi hiyo. Marekani nayo ilitwaa mali za Bosch mwaka 1918 na kuziuza. Robert Bosch aliporudi huko baada ya vita alikuta jina lake linatumiwa na wengine, na kesi zikaendelea kwa miaka. Hatimaye bei ndiyo iliyoamua. Mfumo wa betri ulikuwa rahisi kuutengeneza, na mwaka 1925 Bosch mwenyewe akaanza kuuza wa kwake.

Naamini watu wa magneto walishindwa sokoni lakini hofu yao ilikuwa ya haki. Mfumo wa Kettering ni mnyororo mrefu: betri, swichi, koili, platini, kondensa, rota, kifuniko cha distributa, nyaya, plagi. Injini ya silinda nne ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, platini hufunguka mara 100 kila sekunde. Pete moja ya mnyororo ikilegea kidogo tu, gari linamisi. Ikijirudi, ushahidi umepotea.

Hapo ndipo ufundi wa mzee ulipoanzia. Swali lake la kwanza kwa mwenye gari: lilizima ghafla, au lilikohoa kwanza? Likikata mara moja, anashuku umeme. Likififia taratibu, anatazama mafuta, maana Nairobi, karibu mita 1,700 juu ya bahari, petroli huchemka mapema kwenye mabomba. Kisha huunga taa ndogo kati ya koili na bodi, mtu apige stata: ikimetameta, platini inakata umeme, ikitulia, tatizo liko kabla ya koili au kwenye platini. Ugonjwa wa joto huujaribu wakati wa joto, kwa kuwa koili au kondensa iliyochoka hupona ikipoa. Kifuniko chenye ufa hukitazama gizani, cheche zikitambaa juu yake. Na kuna waya mfupi ndani ya distributa, unaokunjwa kila mguu unapokanyaga mafuta. Nyuzi zake hukatika ndani huku ganda likibaki zima, na gari huunguruma vizuri likiwa limesimama ila hukata likianza kupanda mlima. Zaidi ya yote, hubadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja.

Safari Rally ilikuwa chuo kikuu cha kazi hiyo. Mwaka 1963, masika yakimwagika, magari 7 tu kati ya 84 yalimaliza, wa kwanza wakiwa Nick Nowicki na Paddy Cliff kwa Peugeot 404. Mwaka 1968 walishinda tena, na safari hiyo pia walimaliza saba tu. Joginder Singh, bingwa wa 1965, 1974 na 1976, alikuwa fundi kabla ya kuwa dereva, na sidhani hilo lilitokea kwa bahati.

Baadaye mfumo wa elektroniki uliiondoa platini kwenye magari mapya. Leo kijana wa gereji akiletewa Datsun 1200 inayozimazima, hununua koili, plagi na kondensa kwa pamoja, na kondensa nyingi za sasa hufa kabla ya ile aliyoitupa. Inaniuma, kwa sababu wazee wanaoijua kazi hii bado wapo na hakuna anayewaalika darasani. Vyuo vyetu vya ufundi vingewaita hata siku moja kwa muhula, pamoja na distributa moja kuukuu mezani.

Wenye magari ya kale wengi wameshafunga vifaa vya elektroniki ndani ya distributa zao, na vinafanya kazi vizuri. Ila navyo huchoka kwa joto, na vikifa njiani havitengenezeki kwa kipande cha msasa. Ndiyo maana mzee huwashauri waliobadilisha wasitupe sahani ya zamani yenye platini na kondensa yake, bali waibebe kwenye buti pamoja na bisibisi na kipimo cha milimita 0.4.