Jina la Ubatizo na Msamiati wa Biblia
Mwaka 1970, Ngũgĩ wa Thiong'o, kijana wa miaka 32 aliyesomeshwa Alliance High School, aliutangazia mkutano mkuu wa Kanisa la Presbiteri la Afrika Mashariki kwamba hakuwa Mkristo. Mzee mmoja alimkumbusha kwa hasira kuwa aliitwa James. Baadaye jina hilo alilitupa.

Wahakiki wengi husoma humo kizazi kizima cha wasomi kikiupa Ukristo kisogo. Usomaji huo una pupa. Kilichokataliwa ni kanisa lililoshirikiana na mkoloni, Biblia haikukataliwa. Katika *Shetani Msalabani*, riwaya aliyoitunga kwa Kikuyu akiwa kizuizini Kamiti mwaka 1978, anayesulubiwa ni Shetani mwenyewe, naye huteremshwa siku ya tatu na waungwana wenye suti na tai.